Hadithi ya Miraji Aliyokataa Kuisimulia Mama Mkwe Wako

Jericho,
Nairobi.
Jumamosi, 24 Januari 2026.

Mpendwa mwanangu Lela,

Assalaam aleikum. Kabla ya lolote, u hali gani? Miguu bado inavimba? Mtoto anacheza vizuri huko tumboni? Na Deniz hajambo yeye na kazi zake? Nimesikia mnakaa ghorofa ya nne na lifti imeharibika tangu Novemba. Tafadhali usipande ngazi na mizigo. Kukiwa na kitu cha kubebwa, kibebwe na huyo aliyekuoa, ndiyo kazi yake.

Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Jua la mwezi huu limetuchoma mpaka paa la mabati pale sokoni ninaposhonea linalia saa sita mchana. Magoti yangu ni yale yale. Kilichonimaliza ni sare za shule, maana wazazi wa Jericho mwaka huu wameleta vitambaa siku mbili kabla ya kufungua, kana kwamba shule zimetangazwa jana. Hikma wangu bado yuko kwa yule wakili wa Makadara, anachapa hati za watu. Kuolewa bado, na nikimuuliza ananiambia, “Mathe, relax,” halafu anaweka vitu vyake masikioni.

Utashangaa kuona karatasi. Simu ninayo, lakini kwenye simu wewe hunikatiza, na mimi nikikatizwa hupata upenyo wa kukwepa. Hapa sina pa kukwepea. Mama mkwe wako ataibeba mwenyewe kesho. Ameshaifungulia mfuko wa ndani wa mkoba wake, ule wenye zipu.

Nina habari ya wageni wako, ambayo ni tamu, na nina habari ya baba yako, ambayo ndani yake mna kosa langu. Kwa miaka minne umekuwa ukijiuliza ni vipi baba aliyeiridhia ndoa yako hataki kuisikia sauti yako. Jibu lake ninalo mimi. Nitafika huko, mwanangu. Nipe nafasi nianze na wageni, kwa sababu bila wao nisingelisema mpaka naingia kaburini.

Walifika Jumatatu ya tarehe tano, mama mkwe wako Mama Gulizari na binti yake Sevim, wamechoka na wamebeba zeituni ndoo nzima. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea mtu mzito. Nilitandika shuka mpya, nikamkataza Hikma kuvaa zile suruali zilizochanika magotini. Mama Gulizari akaingia, akabusu kizingiti cha mlango wetu, akanibusu mimi, akavua viatu, akauliza jiko liko wapi. Siku ya pili alikuwa anatia vifungo kwenye mashati ya darasa la nne. Siku ya tatu alikuwa ananikosoa jinsi ninavyotia vifungo.

Nilimuuliza kwa nini amesafiri hivi wakati mjukuu yuko njiani. Akasema, kupitia kwa Sevim anayejua Kiingereza na Hikma anayekigeuza kuwa Kiswahili cha kwao vijana, kwamba hawezi kumbeba mtoto ambaye watu wa upande wa mama yake hajawaamkia. Daktari wako alipokukataza ndege, akaona aje yeye. Nilimpenda hapo hapo. Nikaona pia hatari yake, kwa sababu mtu wa namna hiyo hasalimii nusu ya ukoo akaondoka.

Kila jioni aliuliza, “Na baba yake Lela?” Nami kila jioni nilikuwa na jibu. Ana mafua. Ana hesabu za mwisho wa mwaka. Barabara imefungwa. Kutoka hapa hadi Umoja anakokaa ni mwendo wa dakika ishirini, na nilizungumza kama vile ni Mandera.

Basi ikafika Miraji. Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya katika nyumba hii, babu yako akiwa hai, na baada yake baba yako: majirani wanajaa, kisa cha kupaa Mtume kinasomwa tangu Buraki mpaka sala tano, wewe umelala mapajani mwangu kabla hata ya mbingu ya pili. Miaka minne hatujasoma. Baba yako husoma kwenye msikiti wa Umoja, na mimi hukaa hapa nikisingizia magoti. Mwaka huu nilijiambia, nina mgeni ambaye kwao ni mtu wa heshima, mtoto wa ukoo wa wasimamizi wa ibada yao, watu humwita Ana, yaani Mama. Nao Miraji wanayo, wana namna yao ya kuisimulia. Atusimulie yeye.

Nikaalika wanawake wa mstari wetu, Ijumaa ya tarehe kumi na sita baada ya alasiri. Nikapika kaimati na tambi. Akaja Nafula wa nyumba ya nne, yule Mbukusu anayeimba kwaya, akasema habari za kupaa mbinguni na yeye anazijua, asiachwe nje. Akaja Teresiah wa mboga. Wakawa kumi na wawili. Hikma aliomba ruhusa kazini ili aje kutafsiri.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya. Kwetu kisa kinasomwa, anayekuja anakuja, mwenye ugomvi wake anakaa nao kimya pembeni, akimaliza anakula tambi anakwenda zake. Nilidhani kila mahali ndivyo.

Mama Gulizari alikaa chini kwenye mkeka, akatufanya tukae duara, kila mtu aone uso wa mwenzake. Halafu hakuanza. Aliuliza swali. Hikma akalitafsiri: “Anauliza, kuna mtu hapa hasalimiani na mwenzake?”

Wote tukacheka. Nafula akasema, “Kwani hii ni Miraji ama ni kotini?”

Mama Gulizari hakucheka. Akaeleza kwamba kwao kisa hiki hakisimuliwi kama habari za redio. Ni sehemu ya ibada, na ibada haifunguliwi ikiwa watu wawili waliomo ndani wamenuniana. Msimamizi huuliza mara tatu. Waliokosana huinuka, wakapatanishwa mbele ya wote, na wakishindwa, mmoja wao hutoka nje. Akauliza mara ya pili.

Teresiah akasema, “Mimi na Nafula hatuongei tangu Disemba. Si siri.”

“Uliangusha shiti yangu ya kitanda kwa matope,” Nafula akasema.

“Nikaiosha tena, hukuona?”

“Niliona. Nilikuwa nangoja useme pole.”

“Pole basi.”

“Haya, imeisha.”

Wakapeana mikono, watu wakapiga makofi, na mimi nikanyanyuka kwenda kuleta chai, maana niliona macho ya mama mkwe wako yanakuja upande wangu. Akaniita nirudi. Akauliza mara ya tatu, akiniangalia mimi peke yangu. Hikma alitafsiri kwa sauti ndogo: “Anasema amekaa nyumba hii siku kumi na moja na hajamwona baba ya Lela. Anauliza nani amemkosea nani.”

Nikasema kaka yangu ana shughuli.

Mama Gulizari akaitikia kwa kichwa, akafunga mtandio wake vizuri, akasema basi tutangoja. Hakusimulia. Lela, wanawake kumi na wawili walikaa sebuleni mwangu wakala kaimati bila Miraji, wakanishukuru, wakaenda. Sijawahi kuaibika hivyo, na hakuna aliyenitukana.

Sasa nisikilize.

Mwaka ule uliponipigia ukasema umepata mchumba, ukaniomba niende kwa baba yako nikamwombe ridhaa yake, kwa sababu marehemu mama yako hayupo na mimi ndiye niliyekulea tangu ukiwa na miaka tisa, nilikwenda. Hilo ni kweli. Nilifika mpaka dukani kwake. Alikuwa na wazee wawili wa msikitini, na walikuwa wakizungumza, kwa bahati mbaya ya dunia, juu ya watu wasiosali msikitini, wanaokaa wake kwa waume chumba kimoja na kinanda. Wewe ulikuwa umenieleza kwamba watu wa Deniz ndio hao. Nikaona akisema hapana, itakuwa hapana ya milele, nami nitakuwa nimekupokonya mtu unayempenda. Nikanunua kufuli ambalo sikulihitaji, nikarudi nyumbani, nikakupigia nikakwambia, “Baba yako ameridhia, ila ana uchungu, usimpigie kwanza.”

Hakuwa ameridhia. Hakuwa hata ameulizwa.

Siku ya ndoa nilikaa mbele ya simu ya Hikma na kanga yangu mpya, nikasema kwa niaba ya ukoo kwamba tumekubali. Baba yako aliziona picha wiki moja baadaye kwenye simu ya mtu, baada ya sala, mbele za watu. Akaja hapa moja kwa moja. Akaniuliza ilikuwaje nikae pale bila yeye kujua. Na mimi, badala ya kusema ukweli, nikamwambia, “Lela aliniambia ameshakueleza mwenyewe.”

Nimeliandika. Mkono unauma lakini limeandikika. Nilikutwika wewe, mtoto niliyekulea, nikakuacha mbali huko unabeba lawama ambayo hukuijua. Baba yako akaamini kwamba ulimruka kama mtu asiyekuwepo. Wewe ukaamini kwamba alikubali kisha akageuka. Na mimi nilikaa katikati, kila mmoja akinilalamikia juu ya mwenzake, nikiwapa wote pole. Kaka yangu naye akajitenga nami. Tukawa watu wa kuonana misibani.

Jumamosi baada ya ile aibu nilimwambia Mama Gulizari yote. Hikma ndiye aliyetafsiri, kwa hiyo na yeye amesikia mama yake ni mtu gani. Alifika katikati akanigeukia, akasema, “Mathe, aki wewe,” halafu akaendelea. Nilidhani Mama Gulizari ataomba teksi ya kwenda hotelini. Alinishika mkono akaanza kunifundisha kusimama.

Kwao mtu aliyekosa husimama mbele ya watu, kidole gumba cha mguu wa kulia juu ya kile cha kushoto, mikono imepishana kifuani, kichwa chini, akasema alilolitenda. Hatoi sababu. Akimaliza anangoja. Nikamwambia magoti yangu hayawezi. Akasema magoti yangu yanaweza kukaa mbele ya cherehani kwa saa kumi nzima. Tukafanya mazoezi pale jikoni, nikaanguka mara moja kwenye gunia la mkaa.

Jumapili nikaenda Umoja. Baba yako alikuwa peke yake na mteja mmoja, kijana wa Kisomali anaitwa Bulle, anayetaka robo kilo ya misumari. Sikungoja, nilijua nikingoja nitanunua kitu. Nikasimama mbele ya kaunta, kidole juu ya kidole, mikono kifuani.

Baba yako akaniangalia juu ya miwani. “Ummi, una nini? Wataka kwenda chooni?”

Nikasema hapana. Nikasema yote, kutoka lile kufuli mpaka lile neno nililomwambia juu yako. Sikutoa sababu hata moja, ingawa zilikuwa zimejipanga mdomoni. Nilipofika mahali pa jina lako nililia, lakini sikushusha mikono.

Alimalizia kupima misumari. Akaifunga kwa gazeti, akampa Bulle chenji yake, akamwambia ende na salama. Kisha akakaa kwenye ndoo ya rangi. Akasema, “Miaka minne nimemnyima mtoto wangu salamu kwa kosa ambalo hakulifanya.” Akasema tena, safari hii kwa ukali ambao sijausikia tangu tukiwa wadogo, kwamba niondoke dukani mwake, kwamba asinione. Nikaondoka. Kwenye ngazi aliniuliza kwa nyuma, “Huyo mama yuko mpaka lini?” Nikamwambia Jumapili ijayo. Akashusha mlango wa duka mchana kweupe, kitu ambacho hakufanya hata siku aliyozikwa baba yetu, maana siku ile hakuwa amefungua.

Jumatatu kimya. Jumanne na Jumatano, kimya. Nilishona vibaya, nikashona mfuko wa shati la mtoto ndani nje. Mama Gulizari alikuwa anakuna nazi, kazi aliyoipenda kupita kiasi, nusu ya nazi za soko la Jericho zimepita mikononi mwake.

Alhamisi baada ya alasiri baba yako akabisha hodi. Kanzu nyeupe, kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, na lile koti lake la kijivu juu yake katika joto lile. Nilimfungulia mimi. Alinipita kama mlango ulijifungua wenyewe, akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe wako, akamwamkia kwa heshima zote. Akamwambia, “Nimeambiwa una kisa. Nimekuja kusikiliza. Sikuja kuamini.” Hikma na Sevim walipomtafsiria, Mama Gulizari akasema hiyo yatosha kabisa.

Hikma alitoka mbio kuwaita wanawake. Wakaja kumi, Nafula na Teresiah wamekaa bega kwa bega kama waliozaliwa pamoja. Duara likapangwa. Baba yako, mtu aliyezoea kusoma Miraji kutoka kitini, akakaa mkekani akinung’unika juu ya kiuno. Na mama mkwe wako akauliza lile swali lake.

Mimi nikainuka, nikasimama vile alivyonifundisha. Sikuhitaji kurudia, wote walikwisha kusikia, hii ni Jericho. Akamuuliza baba yako kama ameniridhia.

“Nusu,” akasema.

Mama Gulizari akasema nusu haifungui mlango.

Baba yako akavuta pumzi. “Robo tatu.” Nafula akacheka, akafunika mdomo. Baba yako akajaribu kukaza uso akashindwa, na nikaona midomo yake inacheza. Akasema, “Ni dada yangu. Nitamweka wapi? Nimemsamehe, mbele yenu, keti Ummi usije ukavunjika.” Nilikaa chini nikalia kwa kwikwi mpaka Teresiah akanipa leso inayonuka dania.

Ndipo Mama Gulizari akasimulia. Kawaida huimbwa kwa kinanda chao chenye shingo ndefu. Hakuwa nacho, kwa hiyo alipiga goti lake kwa kiganja na kuimba vipande kwa Kituruki, halafu akasimamisha ili watoto wetu wawili watafsiri. Alisema Mtume alipokuwa akipaa alimkuta simba njiani, amekaa, hampishi. Sauti ikamwambia asiogope, ampe simba pete yake. Akaivua akaitia kinywani mwa simba, na simba akatulia, Mtume akapita. Akafika mbele ya Mola wake, wakasemezana maneno elfu tisini.

Baba yako akasema, “Hiyo ya simba kwetu haimo.”

Mama Gulizari akajibu kwa upole kwamba hakuja kubadilisha yetu, ameombwa ya kwao. Baba yako akasema haya, endelea.

Akasema Mtume aliporudi duniani alipita kwenye nyumba moja na ndani yake mna watu Arobaini. Akabisha. Wakauliza, “Nani?” Akasema, “Mimi ni Mtume.” Wakamjibu kwamba humu hamna nafasi ya mtume, ende akawe mtume kwa umma wake. Akaondoka. Sauti ikamwambia arudi. Akabisha tena, akasema vile vile, wakamrudisha vile vile. Mara ya tatu walipouliza nani, akasema, “Ni mtumishi wa mafukara.” Wakafungua, wakamkaribisha kwa furaha.

Hapo baba yako aliinua mkono. Nilijua ugomvi umefika. Akasema, “Sema tena hapo mlangoni.”

Akasema tena. Baba yako akavua miwani, akaifuta na pembe ya kanzu, akairudisha, akaivua. Halafu akatueleza jambo ambalo sikulijua. Alisema Idi iliyopita simu yake ililia, namba ngeni. Akauliza, “Nani?” Sauti ikasema, “Ni mimi, Baba, Lela.” Akakata. Alisema, “Aliniambia jina lake, akaniita Baba, hakutaka kitu, alitaka kuniamkia. Nikafunga.” Akasema amekuwa akijiambia kwamba heshima yake ndiyo iliyofunga. Nafula alikuwa akilia waziwazi, na wala hakuwa na habari Deniz ni nani.

Mama Gulizari alingoja, kisha akamalizia. Wale Arobaini wakamwambia Mtume kwamba wao ni mmoja, akichanjwa mmoja damu inawatoka wote. Mwenzao mmoja, Salmani, alikuwa nje. Akaja na zabibu moja tu. Wakampa Mtume awagawie, akaikamua ikawa maji, mmoja akanywa, wakalewa wote kwa mapenzi ya Mungu, wakainuka wakazunguka pamoja. Kilemba cha Mtume kikaanguka, wakakikata vipande arobaini wakajifunga viunoni. Na mwisho Ali, mmoja wa wale Arobaini, akaonyesha ile pete aliyopewa simba, iko kidoleni mwake. Baba yako alikuna kidevu, akasema wanavyuoni wetu wangekuwa na maneno mengi hapo, ila yeye leo hana. Hikma akasema, “Hii story ni noma,” na kwa mara ya kwanza baba yako hakumkemea kwa lugha yake.

Kwao kisa kikifika pale pa kuinuka, wasikilizaji nao huinuka, wake kwa waume, wakazunguka polepole mikono ikipanda na kushuka. Semah, ndivyo wanavyoita. Mama Gulizari alisimama, akajifunga mtandio kiunoni, akanyanyua mkono mmoja. Sisi sote tulikuwa tumeshaanza kujivuta. Kisha akaushusha mkono, akaufungua mtandio, akakaa.

Hikma akamuuliza kama ameumia. Akasema hapana. Alisema kisa amekisimulia kwa sababu waliomo chumbani wamepatana, lakini kuzunguka hakuwezi, maana kuna mtu mmoja wa nyumba hii aliyekosewa kuliko wote, yuko ghorofa ya nne kwa miguu iliyovimba, na bado hajui. Akaniangalia mimi. Ndipo ikazaliwa barua hii unayoisoma.

Mwanangu, siombi kama shangazi. Wala siandiki kwamba nilifanya kwa kukupenda, ingawa ni kweli, maana nimekatazwa kutoa sababu. Nilikudanganya, nikakusingizia, nikakuibia miaka minne ya baba yako. Mama Gulizari atakaa mbele yako ukisoma. Ukiona unaweza kunisamehe, mwambie, atajua la kufanya na mtandio wake, hata kama ni hapo sebuleni kwenu na majirani wa chini wagonge dari. Ukiona huwezi, mwambie vile vile. Usininyime ukweli kwa kunionea huruma, mimi nimeona huruma ya namna hiyo inazaa nini. Nusu sitaikataa. Nitangoja iliyobaki.

Hikma anakusalimu na amekuwekea shanga za mtoto kwenye sanduku la Sevim. Nafula na Teresiah wanakusalimu, na wanataka picha ya mtoto siku hiyo hiyo atakayozaliwa, hawataki kungoja arobaini. Mpe Deniz salamu zangu, mwambie mama yake ametufundisha adabu. Mungu akufungue salama, akulindie kilicho tumboni, na akupe nyumba ambayo kila aliyemo anamwangalia mwenzake usoni.

Baba yako alitaka kukupigia jana. Alishika simu, akaiweka, akasema hawezi kuanza kabla hujajua kwamba hukumkosea kitu; kwanza usome. Basi ndege ikifika, atapiga Jumatatu baada ya alasiri ya kwetu, namba yake ni ile ile. Amenituma nikuombe kitu kimoja. Simu ikilia, ukapokea usisikie neno, usikate. Yupo, anatafuta pa kuanzia.

Ni mimi shangazi yako akupendaye, anayesimama kidole juu ya kidole mpaka utakapomjibu,

Ummulkheir